Kitanda cha Mto

"Mto hausomi hati." Mmewasikia akina mama wakimwambia hivyo dereva wa lori la kifusi, mkacheka. Mnauliza wameutoa wapi msemo huo. Methali hii ilianza hivi.

Katika bonde la Kidimbwi, Bi Siwatu alilima mchicha na wanawake wenzake. Katikati ya bonde palikuwa na ukanda wa udongo mweusi, wenye rutuba kuliko kwingine kote, na hakuna aliyeulima. Waliuita kitanda cha mto. Siwatu alipokuwa bi harusi mgeni alipanda magimbi pale. Mama mkwe wake akayang'oa yote.

"Mwenyewe akirudi, alale wapi?" alimwuliza.

Kila masika maji yalipita hapo yakaenda zake. Kwa miaka thelathini hayakuvuka kizingiti cha Siwatu.

Mji ukapanuka. Akaja Bwana Lukindo na hati yenye muhuri, akakifukia kitanda cha mto kwa kifusi, akajenga ghala na ukuta. Siwatu alimfuata.

"Baba, hapo hupita maji."

"Mama, una hati?"

"Sina."

"Mimi ninayo."

Ndivyo alivyojibiwa mtu mzima, tena mbele ya vibarua.

Masika yakafika. Mvua haikuzidi za zamani, lakini huko juu kote kulikuwa na mabati na sakafu, ardhi haikupata nafasi ya kuinywa. Maji yakashuka kwa mkupuo, yakakuta ukuta, yakageukia nyumba za watu. Siwatu alitoka na mama mkwe wake mgongoni, nyumba ikaanguka nyuma yao. Baadaye ukuta nao ukalala, na saruji yote ya ghalani ikaganda ikawa mawe.

Siku ya pili akaja afisa wa mipango miji, Lukindo kando yake.

"Ninyi wavamizi wa mabondeni, hameni. Mwenye hati atabaki."

Siwatu alimsogelea, akamwonyesha Lukindo kwa kidole.

"Mwanangu, mimi nimekaa na mto huu miaka thelathini bila karatasi. Ninyi mkampa huyu hati ya kuuziba, ukaja kulala chumbani kwangu. Kama hati inatosha, mbona hamkuusomea mto?"

Afisa alifunga daftari lake, akaondoka.

Siwatu alihamishwa, na shamba lake likachukuliwa. Msidhani ukuta uliachwa chini. Umejengwa upya, mrefu kuliko wa kwanza, na lile lori mliloliona lilikuwa linapeleka kifusi kuko huko. Masika hayako mbali, na mto hausomi hati.