Kikuza Sauti cha Papa Lambert

Wahenga hawakuropoka waliponena kuwa jungu kuu halikosi ukoko. Aliyewahi kugombania ukoko wa wali na nduguze anaijua maana yake bila kufundishwa: chungu kilichopikia wengi, hata ukikiona kitupu, kikwaruze taratibu na utapata cha kutafuna. Ndivyo walivyo wazee, na ndivyo vilivyo baadhi ya vitu vyao.

Papa Lambert alikuwa mpiga gitaa wa kanisa la Wakongomani huko Tottenham. Alikuwa na kikuza sauti cha kale, cha valvu, zile taa za kioo zinazowaka ndani kwa ndani mithili ya makaa. Alikinunua kikiwa mtumba alipofika London kutoka Bukavu, akakichokonoa mwenyewe hadi kikatoa sauti tamu kama asali. Siku hizi kilikoroma kama mtu mwenye mafua, na Jumapili iliyopita kilizimika katikati ya wimbo wa sadaka.

Plamedi, kiongozi wa kwaya, hakumung'unya maneno.

"Papa Lambert, tunakuheshimu. Lakini kikituaibisha tena tutanunua kipya, na gitaa atapiga yule kijana wetu, Alexis. Wewe utakaa mbele na wazee, upumzike."

"Nipumzike? Nani amekuambia nimechoka?"

Maneno yale yalimchoma kama mwiba. Bila gitaa, kanisani angebaki kuwa kofia na fimbo tu.

Kesho yake alikitia kikuza sauti katika kigari cha sokoni cha mkewe, Émilienne, akapanda basi hadi Kilburn kwa Peris, fundi Mkenya wa vyombo vya umeme. Karakana yake ilikuwa chumba kidogo nyuma ya duka la vitambaa la Minal. Peris alikifungua, na kabla ya kugusa chochote akauondoa umeme uliobaki ndani, maana vyombo hivi huuma kuliko nge hata baada ya kuchomolewa. Kisha akaduwaa.

"Mzee wangu, hivi vipande mbona havina maandishi? Nani amevikwangua?"

Lambert alijikuna kisogo. "Mimi, kwa wembe. Zamani bendi zetu zilikuwa zinaibiana sauti. Sikutaka mtu anakili."

"Na namba zake?"

"Niliziweka kichwani."

"Ziko wapi sasa?"

"Binti yangu, kichwa nacho kimekwanguliwa."

Peris alicheka hadi akashika meza. "Basi, kitendawili!"

"Tega."

"Sina jina wala rangi, lakini pacha wangu atanitaja."

Lambert aliwaza akachoka. "Umenishinda. Chukua mji."

"Nipe Bukavu."

"Bukavu sitoi! Chukua Tottenham."

"Haya, nimekwenda Tottenham, nimerudi. Tazama." Akamwonyesha valvu mbili kubwa zilizofanya kazi kwa zamu, kama wanawake wawili wanaotwanga kinu kimoja. Kila moja ilikuwa na rezista yake, kijipande cha kuupunguza umeme, ambacho kwa kawaida namba zake ni mistari ya rangi. Rezista moja ilikuwa imeungua ikawa nyeusi tititi. Pacha wake alikuwa hai. Peris aliufungua mguu mmoja wa yule pacha, yaani waya wake, ili vipande jirani visimsemee, akampima kwa mita. Kwa kuwa rezista za kale hupanda kipimo kadiri zinavyozeeka, alichagua namba iliyo chini kidogo, akabadilisha zote mbili. Mikono yake ilitulia kama ya mama anayemtoa mtoto mwiba. Lambert alimtazama kwa heshima, hata kukohoa akaogopa.

Kikuza sauti kiliamka, lakini mkoromo haukuisha. Kapasita moja, kijipande cha kuhifadhi umeme, ilikuwa ikiuvujisha, nayo haikuwa na pacha.

"Huyu ni mtoto wa pekee," alisema Peris, "na kwa kuwa ni mgonjwa, kipimo chake kitanidanganya. Chukua gitaa, mzee. Sasa fundi ni sikio lako."

Alizima, akatia kapasita mpya, akawasha. Lambert alipiga, macho kayafumba. "Hapana. Huyu anaimba amebana pua."

Akatia ya pili. "Huyu ameshiba ugali, anasinzia."

Alipotia ya tatu, Lambert aliinamia gitaa. Aliendelea kupiga, mguu ukagonga sakafu. Minal alichungulia, futi ikining'inia shingoni, akasahau alichofuata.

"Ndiyo yenyewe," alinong'ona mzee. "Aksanti, binti yangu."

"Wanishukuria nini mimi? Kichwa kilisahau, sikio halikusahau." Peris akachukua wembe kwa utani. "Nikwangue maandishi?"

Lambert aliusogeza wembe kando. "Acha. Alexis atayahitaji."

Jumapili, wimbo wa sadaka ulipoanza, gitaa lililia hata Plamedi akasahau kuongoza. Ibada ilipokwisha alimwendea mzee, uso chini.

"Papa, na Jumapili ijayo?"

"Nitapiga. Alexis naye umlete, akae hapa ubavuni pangu asikie."

Chungu hakikuwa kitupu. Kilikuwa hakijapata wa kukikwaruza. Ama kweli, jungu kuu halikosi ukoko.