Kwa Nini Roboti ya Kukandia Hutia Kiwiko Majini Kwanza

Nyie mnaoiita roboti ya kukandia "Bibi Mpole," tulieni niwaeleze, maana nikilisikia jina hilo damu hunichemka.

Palikuwa na wakati roboti hazikuwa na ngozi. Vidole zilikuwa navyo vitano vitano kama sisi, lakini chuma kitupu, havijui moto wala baridi. Wanawake waliojifungua walikandwa kwa maji ya moto na binadamu, na mkandaji hodari wa mtaa wetu alikuwa Bi Kidawa. Kabla ya kuchovya kitambaa alitia kiwiko chake majini, akangoja, ndipo akamgusa mzazi.

Mafundi wakaja na kamera zao, wakaipiga picha mikono yake siku kumi ili roboti ijifunze kukanda. Kisha wakazikalia picha hizo na kukata kila mahali palipokuwa na kiwiko. Eti kupoteza muda! Mwenye mikono yake hawakumwuliza.

Mzazi wa kwanza kukandwa na roboti hiyo alikuwa Saumu, mjukuu wa Bi Kidawa, siku ya tatu tangu ajifungue. Maji yalitoka jikoni yakitokota. Roboti ikachovya kitambaa, ikambandika tumboni na kifuani, ikaendelea kukandamiza huku binti wa watu anapiga mayowe. Yenyewe haikuhisi chochote.

Bi Kidawa alibeba sufuria ya maji ya moto hadi karakana. Mlekwa, fundi mkuu, akamwambia, "Pole sana, mama. Lakini roboti haisikii maumivu, ndiyo sifa yake."

"Tia mkono humu," akasema Bi Kidawa.

Mlekwa alisogeza vidole, mvuke ukamchoma, akaruka nyuma.

"Umeona? Hicho kilichokurusha, kakipe hicho chuma chako. Kabla ya hapo kisimguse mtoto wa mtu!"

Wakahangaika miaka miwili. Hatimaye wakapata ngozi laini inayohisi joto, na hata unyoya ukiiangukia, wakaivisha roboti kuanzia ncha za vidole hadi juu ya kiwiko. Vile vipande vya picha walivyovikata wakavirudisha, kimyakimya.

Na tangu siku hiyo, roboti ya kukandia hutia kiwiko majini, ikangoja, ndipo ikamgusa mzazi. Nanyi mkiiona mnasema ina huruma. Huruma gani? Saumu hakuweza kumnyonyesha mwanawe tena, hata siku moja.