Ngwe ya Bi Digidigi

Zamani hizo, wanangu, wanyama walikuwa na nyumba, na jiko, na shamba, kama sisi. Basi siku ya Jumatatu, mwezi wa mfungo sita, saa kumi alasiri, Shomari Digidigi aliweka jembe chini, akasema kifua kinambana. Jua halijazama, alikuwa amekwenda kwa Mola wake.

Aliacha mke na mtoto mchanga. Aliacha na ngwe moja bondeni, yaani kipande cha shamba alichogawiwa na mji.

Bi Digidigi akakaa eda. Hakutoka uwanjani kwake mpaka eda ikaisha. Alipokwenda bondeni, hakuiona ngwe. Aliona majani yaliyompita kimo, na upupu, na vichaka vya miiba. Na mawingu ya masika yalikuwa yameanza kukusanyika.

Sasa sikilizeni sheria ya mji ule. Mvua ya kwanza ikiikuta ngwe imefyekwa, ni ya mwenyewe. Ikiikuta pori, wanapewa majirani. Na majirani walikuwa wawili: Nyati upande wa juu, Ngiri upande wa chini. Wote wawili walikuwa wamesimama pale, wanaangalia.

"Pole na msiba, shemeji," akasema Nyati.

"Tumeshapoa."

"Shemeji, kwa mwili huo na kijembe hicho, utafyeka mpaka lini? Mvua ikinyesha, mimi na Ngiri tutagawana nusu kwa nusu. Wewe pumzika, ulee mtoto."

"Nusu kwa nusu," akasema Ngiri. "Wala hatuna haraka."

Bi Digidigi akayatazama yale majani. Bila ngwe ile, mtoto wake angekula nini?

"Jamaa zangu, mpangaji ni Mungu," akasema. "Ila naomba kuuliza. Ukubwa wake mnaujua?"

"Si ngwe kama ngwe nyingine?" akasema Ngiri.

"Marehemu alikuwa akisema huku juu ni nyembamba, na kule mtoni imepanuka. Katikati pia kuna mahali imebinyika."

Nyati akaacha kutafuna. Wa juu ni yeye.

"Kumbe," akasema. "Kwa hiyo huyu mwenzangu achukue kwenye mapana, mimi nibaki na mkia?"

"Mkia gani? Huko kwako kuna urefu," akasema Ngiri.

"Pimeni, basi," akasema Bi Digidigi. "Kamba ya marehemu ninayo."

Wakaitandaza kamba juu ya magugu. Ikapanda kichaka, ikashuka, ikanasa kwenye miiba. Nyati akapima upande wa Ngiri, akapata papana. Ngiri akapima palepale, akapata pembamba.

"Mwizi wewe," akasema Nyati.

"Mwizi ni macho yako."

"Kamba haipimi majani," akasema Bi Digidigi. "Marehemu alikuwa akiilaza chini, kwenye udongo, inyooke."

"Basi fyeka ipite," Nyati akamwambia Ngiri.

"Fyeka wewe, mwenye pembe."

Wakafyeka wote, maana hakuna aliyemwamini mwenziwe. Nyati akaangusha vichaka, puu, puu. Ngiri akang'oa mizizi kwa meno, kwaru, kwaru. Wakapata mkondo mmoja wa kupitisha kamba juu, wakapima. Wakapata mwingine chini, wakapima. Adhuhuri Bi Digidigi akawaletea uji wa mtama, wakanywa, wakajifuta midomo.

"Kazi imekwisha," akasema Ngiri, ambaye alipata kusoma kidogo. "Tunajumlisha upana wa juu na wa chini, tunagawa kwa mbili."

"Na pale palipobinyika?" akauliza Nyati. "Unataka kunipunja pale."

Pakafyekwa pale.

"Na panapoanza kupanuka?" akauliza Ngiri.

Pakafyekwa pia. Kila mmoja akimshuku mwenzake, mkondo mwingine unafyekwa. Wakimuuliza Bi Digidigi, jibu lake ni lilelile: "Mimi sijui, jamaa zangu. Pimeni mwone." Na kila adhuhuri akaleta uji.

Mwisho hapakuwa na jani la kufyeka. Ngwe ilikuwa nyeupe kutoka juu mpaka mtoni, haina hata kisiki. Ngiri akainama achore mpaka wa kugawana. Tone likamwangukia puani. Ta. Halafu jingine.

Bi Twiga, msimamizi wa mashamba, akafika akiwa ameinamisha shingo kwa ajili ya mvua.

"Nilikuja kuwapa majirani pori," akasema. "Pori lenyewe liko wapi? Nani kafyeka?"

"Sisi," akasema Nyati, kifua mbele. "Tulikuwa tunapima, tugawane."

"Mnapima, mnang'oa na visiki?"

"Kamba ilikuwa inanasa," akasema Ngiri.

"Na mchana mlikula wapi?"

"Hapahapa. Uji wa shemeji. Wa mtama, na ndimu kidogo."

Bi Twiga akawatazama kwa zamu. "Mtu akifyeka shamba la jirani, akanywa uji wa mwenye shamba, kwetu hapa tunaitaje?"

Nyati akamgeukia Ngiri.

"Ujima," akasema Ngiri, polepole.

"Basi Mungu awalipe kwa ujima wenu. Mvua imeikuta ngwe imefyekwa. Ina mwenyewe."

Nyati akamgeukia mjane. "Shemeji, umetudanganya."

"Kwa neno lipi, bwana?"

Nyati akatafuta neno la uongo aliloambiwa. Akatafuta sana. Hakulipata, akaondoka, na Ngiri akamfuata nyuma, mkia juu.

Bi Digidigi akaketi kwenye udongo uliolowa. Machozi yakamtoka bila kumuuma.

Basi wanangu, shikeni hili: anayetamani cha mnyonge anaweza kumfanyia kazi bila kujijua.

Bi Digidigi akainua mikono mvuani, akasema, "Ee Mola wangu, Shomari alikuwa mchache wa maneno na mwingi wa kazi. Msamehe makosa yake. Lipanue kaburi lake, ulitie nuru, na siku yetu ikifika utukutanishe naye penye kheri. Amina."