Digidigi Amepumzika

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama walipigiana hodi na kupeana pole kama sisi, Digidigi aliishi na mama yake mzee. Sogeeni karibu, na anayetaka kucheka acheke mapema, maana mbele kicheko kinapungua.

Kila mwaka, kabla ya kiangazi, wanyama walishindana kuuzunguka mlima, mbio za kutwa nzima. Mshindi na watu wa nyumbani kwake walikunywa kwanza chemchemini mpaka mvua zirudi. Wengine walisukumana kwenye matope. Mwaka uliotangulia mama yake Digidigi alikanyagwa hapo, akavunjika mbavu mbili.

"Kiangazi kingine cha kusukumana sitakimaliza, mwanangu," alisema.

Basi Digidigi akaanza mazoezi. Asubuhi ti-ti-ti-ti, jioni ti-ti-ti-ti! Nyumbu na Pundamilia, waliozoea kushinda kwa zamu, wakakosa raha. Kisha siku moja, pwaa! Mguu ukazama kwenye shimo alilochimba mhanga, kifundo kikateguka. Akalala ndani mwezi mzima. Nyumbu alipita dirishani akicheka, "Vipi, umeota mizizi humo?"

Kifundo kilipopona, zilibaki siku saba tu. Digidigi akataka kukimbia mchana kutwa ili afidie.

"Kaa chini!" mama akamwambia, akimchua kwa majani ya moto. "Mbio ulizokosa hazirudi. Ukizifukuza sasa utaharibu hata nguvu uliyonayo. Alfajiri zunguka nyumba mara tatu, polepole, halafu upumzike."

Kupumzika kulimtesa kuliko mazoezi. Miguu ilimwasha, alihisi kifundo kinamuuma hata pale ambapo hakikuuma. Lakini alitii.

Siku ya kwanza ya mapumziko hayo Nyumbu na Pundamilia wakaja kuchungulia.

"Hodi hapa!"

"Karibuni, wanangu."

"Shikamoo, mama. Digidigi yuko wapi?"

"Marahaba. Digidigi amepumzika."

Nyumbu akakaa chini, puu! "Amepumzika? Uwiii! Digidigi wetu!"

Mama akafungua mdomo aeleze. Nyuma ya pazia, Digidigi akamvuta kanga, akanong'ona. "Mama, nyamaza. Nakuomba." Mama akanyamaza, na kwa aibu machozi yakamtoka. Wageni walipoyaona machozi yale wakaamini kabisa, na hakuna aliyethubutu kumuuliza habari za kaburi.

Matanga yakawekwa. Majirani wakaleta masufuria ya wali na mitungi ya togwa.

"Ongeza hapo!" Pundamilia alisema kila siku. "Mazoezi ya nini tena? Aliyekuwa akitutisha hayupo." Akala mpaka mistari ikamtanuka.

Nyumbu naye alikula, lakini alikula akilia. "Mimi nilimcheka alipoumia," alisema. "Hata pole sikumpa."

Digidigi alisikia kila neno, uvunguni mwa kitanda. Moyo ulimchoma. Alitamani kutoka, akakumbuka mbavu za mama yake, akabaki palepale.

Siku ya mbio ngoma ikalia, du-du-du! Mlango ukafunguka, Digidigi akatoka, miguu myepesi, macho maangavu.

"Mzuka!" Pundamilia akapiga kelele.

"Mama alisema nimepumzika," Digidigi akajibu. "Nani alisema nimekufa?"

Wakakimbia. Matumbo ya wakubwa yalipiga bwata-bwata, bwata-bwata, na Digidigi ti-ti-ti-ti! Karibu na mwisho kifundo kilianza kumng'ata, lakini nguvu aliyoiweka siku saba ilimfikisha. Akawa wa kwanza.

Hakuna aliyeshangilia. Nyumbu akaja akihema, akamtazama. "Nilikulilia, Digidigi," alisema, akaenda zake.

Kiangazi kile mama alikunywa wa kwanza kila alfajiri, maji safi, bila kusukumwa na mtu. Alikunywa siku nyingi. Lakini uzee hauna chemchemi, na wiki moja kabla ya mvua hakuamka.

Digidigi akakimbia mpaka kwa Pundamilia. "Nisaidieni! Mama amepumzika!"

"Mwache apumzike," Pundamilia akajibu. "Kwani mna mbio nyingine?"

Akakimbia kwa Nyumbu. "Mama amepumzika! Amekufa, Nyumbu, amekufa kweli!" Alilia mpaka sauti ikakauka.

Nyumbu akaushika mlango. "Hata mama yako alilia vivyo hivyo," alisema, akafunga mlango polepole.

Digidigi akachimba peke yake, kwa kwato zile ndogo, kutwa nzima. Hakuna aliyekuja kukaa matanga, hakuna aliyeleta hata kikombe cha togwa.

Alfajiri iliyofuata bado ilikuwa zamu yake ya kunywa kwanza. Alifika chemchemini, akainama, akaona maji yametulia. Akasimama hapo mpaka jua likapanda, asinywe.

Haya, wanangu, nendeni mkalale na hili: ukiligeuza neno la msiba kuwa hila, siku ya msiba wako utalisema na hakuna atakayekuja.