Nani Aliyemrudisha Mzee Mrutu?

Nisikilizeni vizuri, maana nitataka mniamulie.

Huko milima ya Upare aliishi Mzee Mrutu, ambaye uzeeni kumbukumbu zilimtoka. Alikaa na watu watatu. Mkewe, Bibi Nakijwa, aliyajua maisha yake yote. Mwanawe Elieza alikuwa na nguvu za kubeba gogo peke yake. Na Namkunda, binti wa Elieza, alijuana na nusu ya wilaya kupitia simu yake.

Asubuhi moja mzee akapotea.

Namkunda akasambaza picha yake kwenye makundi ya simu. Elieza akafoka, "Unamwanika babu yako? Sisi tulifundishwa mambo ya nyumbani yabaki nyumbani!"

"Baba, tukificha, nani atatusaidia kumtafuta?"

Kabla ya adhuhuri dereva mmoja wa bodaboda akaandika kwamba amemwona mzee mwenye kiatu kimoja akipanda kuelekea msituni.

Lakini msitu ni mkubwa. Bibi Nakijwa ndiye aliyesema, "Amekwenda kwenye bwawa alilochimba na wenzake ujanani. Nilikuwa nikimpelekea chakula huko kabla hajanioa." Bwawa lenyewe Elieza hakuwahi hata kulisikia.

Wakamkuta kweli, ameteleza korongoni, mguu umevunjika, anatetemeka kwa baridi. Elieza akashuka, akambeba mgongoni, akatembea naye kwa muda wa saa tatu hadi zahanati bila kumtua.

"Mngechelewa kidogo tu, tusingekuwa naye," mganga akawaambia.

Mngedhani walifurahi. Wapi! Jirani akimsifu Namkunda, Bibi ananuna: "Miaka hamsini na miwili nimemtunza, leo sifa zote ni za simu?" Akisifiwa Bibi, Elieza anashika kiuno kinachomuuma na kutoka nje. Akisifiwa Elieza, Namkunda anabetua midomo: "Angembeba nani, kama ningenyamaza?" Wakafika mahali pa kunyang'anyana bakuli la uji wa mgonjwa.

Jumapili moja akili ya mzee ikarudi ghafla. Akawaita wote kwa majina yao.

"Nani aliyenirudisha nyumbani?" akauliza. "Aje huyo mmoja, nimwekee mkono kichwani nimbariki, kabla sijasahau tena."

Watatu wakasimama kwa pamoja, kisha wakatazamana. Hakuna aliyetaka kurudi kukaa. Mkono wa mzee ulikwisha kunyooshwa.

Haya, nyinyi mnaonisikiliza: mngemsogeza nani mbele?