Darasa Lililoitikia kwa Kichwa

Chuo kile cha lugha kilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la vipuri vya baiskeli. Ukishapanda ngazi ukitweta, ulikutana na meza ya mapokezi, kisha vyumba vitatu vyenye kuta za kioo, viti vya plastiki na feni zilizozunguka kwa kusuasua. Katika chumba cha mwisho, kwa miaka kumi na mmoja, alifundisha mwanamke ambaye wanafunzi walimbandika jina la Mwalimu Tena. Ulipokosea hakufoka wala kununa, alitabasamu tu na kusema, "Tena!" Ukikosea mara nane, uliambiwa tena mara nane, mpaka ulimi usalimu amri.

Mwalimu Tena hakuzaliwa na Kiingereza. Alikipata ukubwani, kwa jasho, baada ya kuolewa, akisoma vipande vya magazeti ya Kiingereza ambavyo mumewe, fundi cherehani, alivikata kuwa vipimo vya kushonea nguo. Lafudhi ya kwao haikumtoka, naye hakuhangaika kuifukuza. Wauguzi waliotaka kufanya mtihani wa kwenda kufanya kazi ng'ambo walimjia yeye, na wengi walifaulu.

Ijumaa moja mkurugenzi alimwita ofisini. Alikuwa mtu wa tai pana na maneno laini.

"Dada yangu," alianza, na Mwalimu Tena alipoitwa dada yangu alijua mambo yameharibika. "Biashara imebadilika. Siku hizi watu wanataka kufundishwa Kiingereza na wenyewe, wenye lugha yao. Nami nimempata mmoja, anaanza Jumatatu."

"Amesomea ualimu?"

"Asomee nini? Kiingereza amekinyonya kwa mama yake!"

"Na mimi?"

"Utakaa mapokezi. Wiki sita tu, mpaka wauguzi wafanye mtihani. Wakifanya vizuri, basi, tutaendelea hivyo hivyo."

Hapo alielewa. Darasa lake lilikuwa linaondoka, na likiondoka halirudi. Alisema, "Sawa, bwana mkurugenzi," akashuka ngazi akijikaza kisabuni. Alipofika nyumbani machozi yakamshinda.

"Mke wangu," mumewe alimwambia, pini zikiwa mdomoni, "pumzisha koo basi. Miaka kumi na mmoja unapiga kelele."

"Sikusomea kupokea simu!"

"Haya, lia. Ila sogea kando, hiyo ni suti ya bwana harusi."

Akacheka bila kupenda. Lakini usiku huo hakula.

Jumatatu mwalimu mpya akaja, na wauguzi hawakuchelewa kumpa jina: Mwenyewe. Wala usimchukie, msomaji. Alikuwa kijana mrefu, mcheshi, mwenye adabu zake. Kwao aliuza viatu. Hakuwa amemnyang'anya mtu kazi kwa hila, aliitwa, akaja. Alipoingia darasani Kiingereza kilimtoka kama mvua juu ya bati, akasimulia, akaigiza, akacheka, na wauguzi wote kumi na wawili wakaitikia kwa vichwa. Mkurugenzi alichungulia kiooni akasugua viganja.

"Umeona?" alimwambia Mwalimu Tena pale mapokezi. "Wanaelewa mpaka shingo zinawauma!"

Mwalimu Tena alikuwa ameviona vichwa vile. Alilijua itikio lile. Yeye mwenyewe, enzi za uanafunzi, aliitikia hivyo miaka miwili mizima mbele ya mwalimu aliyemheshimu, kwa kuona haya kusema hajaelewa. Kichwa kilipoinama kilikuwa kinasema "shikamoo", hakikuwa kinasema "nimefahamu".

Wiki ya tatu mkunga mmoja wa darasa lile alikuja kuegemea meza yake. Huyu ndiye aliyekuwa mkubwa kwa umri kuliko wenzake. Mtihani ulikuwa umemwangusha mara mbili, na sheria ilikuwa mara tatu, basi. Akianguka tena, safari yake imekufa.

"Mwalimu, yule mtoto ni mzuri," alinong'ona. "Lakini mwenzio sijaambulia kitu."

"Umemwambia?"

"Nimwambieje? Anafurahi mno! Nitamvunja moyo mtoto wa watu."

Mwalimu Tena alipiga moyo konde akaenda kwa mkurugenzi. Mkurugenzi hakumwacha amalize.

"Wivu, dada yangu," alisema kwa upole. "Huo ni wivu tu."

Neno lile lilimkata maini. Alirudi mezani akanyamaza, na kunyamaza kwenyewe kukamsuta, maana mkunga alikuwa anazama huku yeye akitazama.

Sasa Mwenyewe naye alikuwa akijifunza lugha yetu kwa bidii. Alijua kusalimia, kuagiza chai na kuuliza bei, na kila alipofungua kinywa watu walimsifu hadi akavimba kichwa. Mkutano wa walimu wa wiki ya nne ulipofika, Mwalimu Tena akiandika kumbukumbu, mkurugenzi kwa furaha aliamua kumsemesha kwa lugha yetu, tena mbiombio, dakika kumi bila kumeza mate. Mwenyewe alitabasamu. "Ndiyo, ndiyo," alisema. "Sawa sawa." Kichwa kilipanda na kushuka.

Walipotoka, Mwalimu Tena alimshika mkono ukumbini, akamsemesha kwa Kiingereza.

"Hongera. Umekubali kufundisha watoto kila Jumapili saa moja asubuhi. Na baba mkwe wa mkurugenzi atalala chumbani kwako mwezi mzima."

Macho yalimtoka pima. "Mimi? Nimekubali lini?"

"Uliitikia kwa kichwa."

"Sikuelewa hata robo! Lakini alikuwa ananitazama kwa matumaini, nikaona haya kumkatiza, nikasema labda mbele ya safari…"

Hakumaliza. Aligeuka polepole akatazama kupitia kioo cha chumba cha mwisho. Wauguzi walikuwa wamekaa, madaftari wazi, wakimsubiri.

"Na wao?" aliuliza.

"Na wao."

Kijana alikaa chini pale pale, sakafuni. "Wiki nne! Kwa nini hukuniambia?"

"Nilimwambia mkubwa wako. Nikaambiwa nina wivu."

Mwenyewe aliinuka akaenda moja kwa moja ofisini, na baada ya muda mkurugenzi akatoka amekunja uso. Aliingia darasani, wale wawili nyuma yake.

"Mnamwelewa mwalimu wenu, au hamumwelewi?"

Vichwa kumi na viwili vikaitikia.

"Si hao, wanaelewa!" mkurugenzi alisema.

Mwalimu Tena akasogea mbele.

"Mimi niliitikia hivyo hivyo miaka miwili," alisema. "Nikapata sifuri. Mama yangu hakujua kusoma, akaona mduara ule mzuri akawaonyesha majirani." Vicheko vikazuka. "Aibu hiyo mliyo nayo nimeishi nayo, naijua mpaka inapojificha. Nani amepotea?"

Polepole mkono wa mkunga ukapanda. Ukafuata wa jirani yake, na wa nyuma, mpaka hapakubaki mkono chini.

"Bwana mkurugenzi," mkunga alisema, "kijana huyu hana kosa. Kwake ni lugha ya nyumbani, hakuwahi kuihangaikia. Huyu mama amejikwaa kila tunapojikwaa. Nikikosea, anajua kilichonikosesha kabla mimi sijajua. Mimi nimebakiwa na nafasi moja tu. Nirudishie mwalimu wangu."

Mkurugenzi aliihesabu mikono ile, akakubali. Siku ile ile Mwalimu Tena alirudi darasani kwake. Mwenyewe hakufukuzwa, alikaa kiti cha nyuma akijifunza kufundisha, na saa ya mazungumzo ilipofika, wauguzi walimgeukia wampige maswali, sasa bila haya. Wiki mbili zilizobaki walifundishwa mchana na jioni.

Kumi walifaulu mtihani, mkunga akiwemo. Alama zake zilipita mstari kwa unywele, naye alilia kama aliyeshika nafasi ya kwanza.

Mwezi uliofuata dereva mmoja alipanda ngazi kuja kujiandikisha. Kabla hajatia sahihi alimuuliza mkurugenzi, "Anayefundisha ni mwenye lugha yake?"

Mkurugenzi alilegeza tai. "Hapana, ndugu yangu," alijibu. "Ni mtu aliyehangaika kuipata, kama utakavyohangaika wewe."

Dereva akatia sahihi, maana hata yeye alijua walichosema wahenga: kitanda usichokilalia, hujui kunguni wake.