Mkono wa Papa Mohamadi

Mkono wa kulia wa Papa Mohamadi, fundi wa kudarizi kofia mjini Kisangani, ulikuwa umegeuka kioja. Ukishika sindano, ulitulia tuli. Akiuweka pajani apumzike, yarabi! ulitetemeka wenyewe, kidole gumba kikisugua kidole cha shahada kama mtu anayevuta tasbihi isiyoonekana. Uso wake nao uliganda, haucheki wala haununi. Usingizini alirusha mateke na kugombana na watu ambao mkewe Malika hakuwaona. Malika alihisi analala na mgeni.

Akamsaka mchawi, na hakwenda mbali. Aziza, dada mjane wa Mohamadi, alikuwa ndiye mpishi wao tangu ahamie pale miaka miwili nyuma. Siku moja pondu, yaani kisamvu, iliungua hadi majirani wakapiga kelele, lakini Mohamadi aliyeketi kando ya sufuria hakunusa lolote.

"Alimufunga pua kwanza, sasa anamufunga mukono!" Malika alifoka mbele ya ukoo.

Aziza aliapa hadi sauti ikamkauka. Nani amsikilize? Alifungasha virago vyake akateremka mto hadi Yanonge, kwa watu baki.

Miezi ikapita, mkono ukazidi. Mwishowe mtoto wao aliyeko Kinshasa alimwita babake, akapigwa picha ya ubongo kwa ile mashine ya sumaku waiitayo IRM. Picha hizo wakampelekea daktari Claudine, Kisangani.

Kabla hajaambiwa kitu, daktari aliuliza, "Papa, pua iliacha kusikia harufu tangu lini? Na unapigana ndani ya ndoto?"

Malika alishangaa. Huyu kajuaje?

Daktari alimtembeza Mohamadi chumbani, akautazama mkono wake, kisha akawaonyesha picha. "Kwa mutu mwenye hana ugonjwa huu, hapa katikati kunaonekana alama nyeupe, kama mukia wa mbayuwayu. Kwa papa, tazama, iko weusi tu. Bon, picha peke yake haitoshi. Lakini mukono, mwendo na picha vinasema kitu kimoja: iko Parkinson, ugonjwa wa ubongo. Haiponi, lakini dawa ya kumusaidia iko. Pua na ndoto ni alama zake pia, zinaweza kutangulia miaka mingi. Hakuna mutu alimufunga."

"Harufu ilipotea mwaka tuliozesha binti yetu Ramla," Mohamadi alisema kwa sauti ndogo. "Iko miaka nane."

Malika alihesabu. Miaka nane! Aziza alikuwa bado kwa mumewe, hajahamia kwao.

"Mbona haukusema, papa?" Malika alimuuliza.

"Nani aliniuliza?"

Kesho yake Malika alikwenda Yanonge. Alimkuta Aziza akipindua samaki juu ya moshi, amekonda kama ng'onda. Akapiga magoti matopeni.

"Bokilo, wifi yangu, nilikukosea. Nisamehe, rudi nyumbani."

Aziza alimshika mkono akamwinua.

"Nimekusamehe. Kaka yangu nitakuja kumuona kila juma," alisema. "Lakini kulala mule ndani, hapana. Mulisema mimi ndiye wa kuogopwa. Sasa ni mimi nawaogopa ninyi."

Malika alirudi peke yake, majuto yakimla moyo. Ama kweli, usilolijua ni usiku wa giza.